Gharama ya Alhamisi

Ukitaka kuona jinsi watu wazima, wenye heshima zao, wanavyoweza kudanganya kwa nia njema kabisa, mpeleke mgeni wa makao makuu kwenye zahanati ndogo, umwambie aulize habari za pesa. Utacheka mpaka ushike mbavu, kisha utaona haya kwa niaba yao.

Mkuu wa zahanati aliitwa Sista. Jina alilopewa na wazazi wake watu walikuwa wamelisahau. Hata mama mkwe wake, aliyekaa naye nyumba moja, alimwita Sista, na siku akimkasirikia alimwita Sista kwa sauti ya juu zaidi. Basi Jumatatu hiyo asubuhi Sista alipokea simu kwamba anakuja mtu wa kukadiria gharama za kufikisha chanjo kwa watoto. Yeye akasikia neno moja tu: mkaguzi. Na wa kumlaumu ni nani? Si muda mrefu uliopita, muuguzi mwenzake wa zahanati ya jirani alihamishwa ghafla kwa sababu kaka yake alilipwa kufyeka majani ya uwanjani. Majani yalikuwa yamefyekwa kweli, tena vizuri, lakini ndugu ni ndugu, na maneno yakawa maneno.

Sista akamweka kitako msaidizi wake, mwanamke mnene mcheshi aliyeitwa Redio kwa sababu habari haikuwahi kulala tumboni mwake.

"Akiuliza, sisi hatutumii kitu," Sista akasema.

"Hatutumii kitu vipi? Na gesi ya friji je?"

"Gesi inaletwa. Kuletwa si kutumia."

"Na barafu tunazonunua friji ikizingua?"

"Wewe Redio, leo naomba uzime."

Mchana huo huo mgeni alifika akiwa na vumbi mpaka magotini. Alikuwa binti mdogo tu, anabeba mkoba wake mwenyewe, na alipopewa maji alishukuru mara mbili. Hilo lilimtia Sista wasiwasi zaidi. Mkaguzi mpole ndiye mbaya. Binti akatoa simu yake pana, akaeleza shughuli yake bila kuzungusha.

"Bei ya chanjo yenyewe tunaijua, imeandikwa," alisema. "Tusichokijua ni bei ya njia. Kuitoa kwenye friji mpaka ifike kwenye mkono wa mtoto. Muda wenu, barafu, usafiri, hata mtu anayebeba boksi. Tukikadiria chini ya ukweli, mwakani mtapangiwa fungu lisilotosha, na watoto wa mbali ndio wa kwanza kuachwa. Kwa hiyo dada zangu, msinipunguzie."

Lilikuwa neno zuri, neno la wazi, lakini masikio ya Sista yalikuwa yamekwisha kufungwa toka ile simu. Akapunguza. Muda wa kupanga vichupa asubuhi, akasema ni kidogo. Barafu, akasema wanapewa. Redio akawa anatazama dari huku ameuma midomo, anateseka.

Kisha maswali yakafika mlimani. Zahanati ilikuwa bondeni, karibu na soko, lakini kila Alhamisi ilipeleka chanjo juu mlimani, kwa watu ambao barabara iliwakatia tamaa chini ya mteremko. Kutoka pale ni kwa miguu, boksi begani.

"Na huko nani anabeba?" binti akauliza.

Redio akashindwa kujizuia. "Mumewe! Baba Chanjo! Si huyo hapo nje!"

Nje palikuwa na mwanamume mrefu, amechuchumaa, anachomelea bawaba ya geti la zahanati. Huyo ndiye Fundi. Bawaba yenyewe alikuwa anaitengeneza bure, kwa kuwa mkewe alimsumbua nayo mpaka akakosa pa kukimbilia. Sista alimkata Redio jicho; kama Redio angekuwa na aibu, angeyeyuka.

"Mnamlipa?" binti akauliza.

"Kumlipa nani? Yule ni mume wangu."

"Basi anajitolea. Sisi hata anayejitolea tunamhesabia muda wake. Siku hiyo, asingekwenda mlimani, angekuwa anafanya nini?"

Sista akamwona akilini kaka wa yule muuguzi mwenzake, na panga lake, na majani yake. Akaona na barua ya uhamisho. Mdomo ukawahi kuliko akili.

"Hana kazi nyingine siku hiyo. Anazunguka tu. Wewe andika sifuri."

Sasa, mashine ya kuchomelea ina kelele, na kelele hizo zikikatika ghafla hata mtu aliyelala anashtuka. Ilikuwa imekatika kabla Sista hajaanza kusema. Fundi alikuwa amesimama dirishani, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, amekuja kuomba maji ya kunywa. Aliwatazama mmoja mmoja. Akarudi getini, akamaliza bawaba yake kwa utaratibu, akalifungua na kulifunga geti kulijaribu, akafunga vyombo, akaondoka.

Binti naye alikuwa ameona. Akaandika alichoambiwa, akasema, "Ijumaa nitapita tena tusome yote pamoja kabla hujatia sahihi. Likiwepo la kurekebisha, mtaniambia."

Jioni Fundi alioga, akala, akamwambia mama yake, "Asante, chakula kizuri." Mama mtu akaacha kutafuna. Mwanawe huyo akiwa na furaha alikitukana chakula chake tangu utotoni; alikuwa akiuliza kama maharage yamepikwa au yametishwa tu. Adabu kwake ilikuwa dalili mbaya.

"Sista," akanong'ona mama mkwe, "huyu kaniambia asante. Umemfanya nini?"

Sista alimfuata mumewe nje, alikokuwa amekaa kwenye ngazi. Akajifanya hakuna lililotokea, kosa ambalo wenye ndoa wote hulifanya na hakuna anayelikoma.

"Alhamisi tunatoka mapema? Wiki iliyopita jua lilituwahi."

"Utatoka saa unayotaka. Mimi nina kazi."

"Kazi gani?"

"Sijui. Lakini mtu wa kuzunguka tu, si lazima azungukie mlimani."

"Jamani, mume wangu! Nilikuwa nakulinda. Unajua yaliyompata mwenzangu."

"Ulikuwa unalinda cheo chako."

Lilimchoma kwa sababu lilikuwa na ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaouma kuliko wote. Badala ya kunyamaza akaropoka, "Mwanamume mzima unanuna kwa ajili ya fomu?"

Fundi akainuka, akakung'uta suruali. "Si fomu," alisema taratibu. "Fomu haikunijua. Wewe unanijua." Akaingia ndani.

Sista alibaki kwenye ngazi. Neno la samahani lilikuwa limefika kwenye ulimi, likakaa hapo hapo. Alijiambia hasira za mume ni moshi, kesho zitakuwa zimepeperuka. Jumanne hazikupeperuka, wala Jumatano. Alhamisi alfajiri akasikia pikipiki ya mumewe inawashwa, akatoka mbio na boksi mkononi akidhani mambo yamekwisha, akaiona taa ya nyuma inakata kona kuelekea sokoni.

Ikabidi akodi pikipiki. Mwenye pikipiki alikuwa na mdomo kuliko injini. Walipofika mwisho wa barabara aliegesha, akatia mikono mfukoni.

"Si unanisaidia kupandisha boksi?" Sista akauliza.

"Mama, mimi nimekodiwa kwa barabara. Kupanda ni habari nyingine. Na kusubiri ni habari ya tatu."

Sista akatazama pochi yake, akaona haiwezi habari zote hizo. Wakapatana kwamba atarudi kumchukua mchana. Akaliweka boksi begani, akaanza kupanda. Miaka yote ile alikuwa akipanda mbele, mikono mitupu, anaongea; nyuma yake boksi lilikuja lenyewe. Alhamisi hiyo alijua kwamba lina uzito, kwamba mkanda wake unakata bega, na kwamba kwenye ile sehemu ya mawe mtu hawezi kuona anapokanyaga. Alitua mara nyingi mpaka akaacha kuona aibu.

Juu kulikuwa na darasa moja waliloazimwa kwa kazi hiyo. Kwa kawaida alikuta kina mama wamejaa mpaka barazani. Siku hiyo aliwakuta wachache, na wa kwanza hakumwamkia hata.

"Baba Chanjo yuko wapi?"

"Ana kazi leo."

"Ndiyo maana. Jana hakupita kutukumbusha."

"Jana?"

"Si kila Jumatano jioni hupita kule chini kwa pikipiki? Anapiga honi, anapaza sauti, anasema kesho, kesho, msiende shamba. Sisi huku siku zote zinafanana, Sista. Asipopita, tunajuaje?"

Sista alikaa kwenye dawati la mtoto. Jumatano jioni. Miaka yote alikuwa akidhani mumewe Jumatano huwa na wenzake kijiweni, na alikuwa amekwisha kumnunia kwa hilo si mara moja.

Akachanja waliokuwepo. Mwishoni akaja mama mmoja tu aliyehitaji chanjo ya surua kwa mwanawe. Kichupa cha surua ni cha watoto wengi. Ukikichanganya, kitakachobaki hakilali, unakimwaga. Sista alikishika mkononi, akamtazama mtoto, naye akamtazama yeye kwa macho makubwa ya kutaka kulia. Kanuni inasema fungua hata kwa mmoja, na moyo wake ulisema hivyo hivyo. Akafungua. Siku nyingine Fundi angekuwa nje ya dirisha anamchekesha yule mtoto kwa kujifanya sindano imemchoma yeye. Siku hiyo mtoto alilia mpaka akakwama pumzi.

Mwenye pikipiki akapiga simu kabla ya muda wake. Soko limechangamka, abiria ni wengi, anashuka au anabaki? Sista akafunga mlango wa darasa akijua kabisa kwamba kina mama wa upande wa pili wa kilima, wanaotembea mwendo mrefu, walikuwa bado njiani. Alishuka huku anageuka nyuma. Hakuwaona, lakini aliwajua kwa sura.

Wakapita sokoni. Na hapo ndipo Sista alipoiona karakana ya mumewe siku ya Alhamisi, kwa mara ya kwanza toka waoane. Alhamisi ni siku ya soko, na Alhamisi zote yeye alikuwa mlimani, na mumewe nyuma yake. Alijua kuna soko kama mtu anavyojua kuna mvua nchi nyingine. Sasa aliona watu wamepanga baiskeli zilizovunjika mpaka barabarani, plau zimelazwa chini, mwanamke kashika mlango wa jiko, mzee kalalia mkokoteni wake akisubiri zamu. Katikati yao Fundi, miwani usoni, cheche zinaruka, jasho linamtiririka.

"Afadhali leo umefungua," mzee wa mkokoteni alikuwa anasema. "Kila Alhamisi nampelekea huyo wa ng'ambo, na kazi yake ni bora liende. Wewe Alhamisi huwa unakwenda wapi?"

"Natembea," Fundi akajibu.

Hana kazi nyingine siku hiyo. Maneno hayo alikuwa ameyasema yeye, kwa kinywa chake, mbele ya mgeni. Fundi akainua kichwa, akamwona. Kwanza alilitazama boksi, kisha viatu vyake.

"Umepanda nalo mwenyewe?"

"Nimepanda."

Alitaka kusema kitu, lakini mtu akamwita, na cheche zikaanza tena.

Ijumaa binti wa makadirio alirudi. Walipofika kwenye swali la mlimani, Sista akamkatiza. "Hapo nilikudanganya. Niliogopa. Na nilimdanganyia mtu ambaye hakustahili. Twende ukamuulize mwenyewe."

Wakaenda mpaka karakana, Redio naye nyuma, kwa kuwa hakuna nguvu ambayo ingemzuia. Karakana ilikuwa imetulia, si siku ya soko. Sista hakungoja kukaribishwa.

"Baba, nilisema huna kazi. Nilisema uongo, na jana nimeuona uongo wangu wote umejipanga hapa na baiskeli zake. Nisamehe."

Fundi akaweka nyundo chini. Akasema, "Haya," kisha akatazama pembeni kwa sababu macho yalikuwa yanamsaliti.

Binti akamuuliza Alhamisi yake moja ina thamani gani. Fundi akafikiri, akataja. Hakuongeza hata kidogo. Sista alimjua, asingeongeza. Hata hivyo Redio alipiga mluzi, na kidole cha binti kikasimama kidogo kabla ya kuandika. Alhamisi moja ya Fundi ilizidi mshahara wa siku kadhaa wa mkewe.

"Niwaambie ukweli," binti akasema. "Makadirio si malipo. Nikiandika hivi, hulipwi kesho. Ila huenda mwakani likatoka fungu la mbebaji wa mlimani. Na fungu hilo haliruhusiwi kumlipa ndugu wa mhudumu."

"Yaani mkinihesabu, mnaniachisha?"

"Huenda."

"Na msiponihesabu?"

"Utaendelea bure. Mpaka utakapochoka."

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Basi acha ile sifuri yake," akasema. "Mimi nilichotaka kusikia nimeshakisikia."

Sista akaruka. "Wewe! Kwa nini? Siku ya soko, wateja wote wale, miaka yote hii. Kwa nini ulikuwa unafunga?"

Mwanamume yule mrefu akaona haya kama mwari. Akasogeza nyundo, akairudisha ilipokuwa.

"Nyumbani unarudi umechoka," akasema. "Unakula, unalala. Ile njia ndiyo pekee unayonisimulia mambo. Kupanda na kushuka. Siku nyingine zote nakusikia ukikoroma."

Redio alicheka, kisha akageuka kufuta machozi kwa upindo wa gauni. Binti aliitazama simu yake pana kwa muda, halafu akaishusha.

Na Sista? Sista alitamani kuiacha ile sifuri. Niseme kweli, aliitamani sana. Ilikuwa ni kunyamaza tu, na Alhamisi ingerudi, mgongo wa mumewe mbele yake kwenye pikipiki, upepo, na maneno. Nani angejua? Lakini aliwakumbuka wale wa upande wa pili wa kilima waliokuta mlango umefungwa, kwa sababu tu mke na mume walikuwa wamenuniana. Watoto wa mlimani walikuwa wananing'inia kwenye ndoa yake bila kujua. Na siku magoti ya Fundi yakichoka? Na siku yeye akihamishwa, aje muuguzi asiye na mume, au mwenye mume wa kulala?

"Andika alichosema," akamwambia binti.

"Sista," Fundi akasema.

"Atakuja mwingine baada yangu, baba. Akikuta sifuri, boksi atabebewa na nani?" Akatia sahihi upesi, kabla moyo haujageuka. Fundi akaishusha miwani yake machoni, ingawa hakuwa na cha kuchomelea.

Fungu lilikuja. Lilichelewa kama mafungu yote, na lilikuwa dogo kuliko makadirio, lakini lilikuja. Akaajiriwa mtu wa makamo, mwangalifu, aliyelipwa kuendesha, kupanda, kusubiri, na kupita Jumatano kupiga honi. Sitamsema vibaya, alikuwa mtu mzuri. Kina mama wakajaa tena mpaka barazani, na wale wa upande wa pili wakawahi.

Alhamisi ya kwanza, kwenye kona ya mwanzo tu, Sista akaanza kama kawaida yake. "Unajua mama mkwe jana kanifanyia nini?"

Yule bwana akageuza kichwa kwa adabu. "Unasema nipunguze mwendo, Sista?"

"Hapana. Endelea tu."

Akanyamaza kupanda, akanyamaza kushuka. Kazi ilikwenda vizuri, watoto wote walichanjwa, hakuna kichupa kilichomwagwa. Aliporudi bondeni hakwenda nyumbani. Alimwambia yule bwana amshushe sokoni, akapenya katikati ya baiskeli na plau, akasimama mbele ya mumewe na vumbi lake.

Fundi akapandisha miwani. "Vipi? Kuna tatizo mlimani?"

"Hakuna. Wote wamechanjwa."

"Boksi limefika salama?"

"Limefika."

"Sasa?"

Sista alitaka kusema jambo la maana, likakataa kutoka. "Nimekwenda na maneno," akasema, "nimerudi nayo yote."

Wateja wakatazamana. Fundi aliwatazama, akatazama ile plau iliyokuwa nusu, halafu akanyoosha mkono akazima mashine.

"Jamani, mwenye haraka aende kwa huyo wa ng'ambo," akawaambia. Akavuta kigoda, akakifuta kwa kiganja, akamwekea mkewe. Yeye akakaa chini, kwenye vyuma.

"Haya," akasema. "Anza na mama."